Punda wa Kielelezo

Mimi ni mwanasheria, na tulifundishwa kuanza na mambo yasiyobishaniwa. Haya hapa. Niliandika sheria ndogo ya kuwalinda punda na maksai. Punda wa kwanza kukamatwa kwa sheria hiyo alikufa kwa kiu akiwa mikononi mwetu, nyuma ya ofisi ya kata, na mwenye punda alikuwa nje ya uzio na ndoo ya maji. Yaliyobaki yanabishaniwa, na nimeyabishania peke yangu mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili timamu.

Nilikuja mkoa wa Simiyu kwa barua ya uhamisho, kama wengi wetu tunaofanya kazi serikalini huku. Kwetu ni Tanga. Halmashauri niliyopangiwa sitaitaja, maana watu wake bado wako kazini, na wengi wao hawakufanya lolote baya zaidi ya kunisikiliza. Nilipanga nyumba Bariadi mjini, nikajifunza kuitikia mwangaluka asubuhi na mwadila mchana, nikazoea kuitwa mayu, yaani mama, na wazee wenye umri wa baba yangu. Vumbi sikulizoea. Wala sikuzoea jinsi watu wa huku wanavyosema jambo kubwa kwa sauti ndogo. Sisi kwetu tunapiga kelele hata tukiomba chumvi.

Hasira yangu ilianza Kasoli, msimu wa pamba. Nilikuwa nimekwenda kumpa pole mwenzetu aliyefiwa, na wakati wa kurudi nikakuta msururu wa mikokoteni iliyojaa pamba ikielekea kwenye ghala la ununuzi. Punda mmoja alianguka na mzigo wake. Mwenyewe alimpiga kwa rungu mbavuni, akampiga tena, punda hakuinuka. Basi yule bwana, bila haraka, akaokota miti ya pamba iliyokauka, akaipanga chini ya tumbo la punda, akaiwasha. Punda akainuka. Mama aliyesimama karibu nami akaniambia ndivyo wanavyowainua, na aliniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni wapi kuna choo. Harufu ya manyoya yaliyoungua ilibaki kwenye mtandio wangu mpaka nilipoufua mara mbili.

Nilimuuliza mgambo aliyekuwa akipanga foleni kama lile si kosa. Akaniangalia kwa huruma.

"Kosa gani, mayu? Punda ni wake."

Sheria ya nchi ya ustawi wa wanyama ipo, tena ipo tangu nikiwa mwanafunzi. Inakataza karibu kila nilichokiona siku ile. Lakini huku vijijini sheria ya nchi ni kama mjomba anayeishi Ulaya: watu wanajua yupo, hakuna anayemtarajia. Nikajiambia kinachotakiwa ni sheria ndogo, ya kwetu, fupi, inayosomeka, itakayobandikwa kwenye mlango wa kila mtendaji wa kijiji na kusomwa kwa Kisukuma pale inapobidi. Niliandika rasimu ya kwanza kwa wiki moja, na sikumbuki lini tena niliwahi kuandika kitu kwa moyo namna ile.

Ofisini walinipa jina la Wakili wa Punda. Bwana mmoja wa idara ya fedha alikuwa akinikaribisha kila asubuhi kwa kulia kama punda, na alikuwa na kipaji kweli. Nilijifanya nimeudhika. Kwenye baraza la madiwani, diwani mmoja aliuliza kama punda watapewa na likizo ya uzazi. Ukumbi ulicheka, mimi nikacheka nao, kisha nikamjibu kwamba ndiyo, kifungu kipo ukurasa wa tatu, punda mwenye mimba kubwa hatafungwa mkokoteni. Kicheko kikaisha. Nilirudi kukaa nikiwa nimevimba kichwa, na nadhani hakikunywea tena mpaka siku nitakayoieleza.

Kabla sheria haijapita, ilitubidi tuipeleke kwa wananchi. Hapo ndipo nilipompata mwenzangu, afisa mifugo wa kata, Msukuma mwenye asili ya Migato, mtu mpole mwenye pikipiki isiyokuwa na breki ya mbele. Tulizunguka vijijini zaidi ya mwaka mzima. Mimi nilisoma vifungu na adhabu. Yeye aliwafundisha watu mambo ya maana: jinsi ya kushona gunia lililojazwa majani makavu likae chini ya mkanda ili usichubue, kwa nini waya haufai, kwa nini fimbo yenye msumari inamfanya mnyama awe mzito badala ya mwepesi. Kila mkutano aliumaliza kwa maneno yaleyale, kwanza kwa Kisukuma kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu: ukiona kidonda, mfungue mkokoteni, usimtie oili chafu, mlete kwangu.

Katika kijiji kimoja, mbele kabisa, alikaa bibi mmoja juu ya mfuko mtupu wa mbolea. Hakusinzia. Kila alipozungumza mwenzangu aliitikia kwa kichwa, na nilipozungumza mimi alinitazama mdomoni. Wakati wa maswali aliinuka, akajifunga vizuri kanga yake.

"Mimi naiunga mkono hiyo sheria," alisema. "Mzee wangu alianguka, upande mmoja umekufa, hatembei. Maji ni kule mtoni, unachimba mchanga mpaka yatoke. Mimi mgongo umekwisha, punda ndiye anayatuletea. Punda akiumia, nyumba nzima tunakaa na kiu. Kwa hiyo sheria hiyo ije, gete, kweli kabisa."

Watu wakapiga makofi. Tulipokuwa tunaondoka mwenzangu aliniambia yule bibi ameelewa kuliko madiwani wote. Nilikubali. Nilifurahi mpaka nikamtaja kwenye taarifa yangu, bila jina, nikaandika kwamba mwitikio wa akina mama ni mzuri.

Sasa nifike kwenye kifungu cha kumi na mbili. Rasimu ya mwisho ilitakiwa Jumatatu, na Ijumaa alasiri nikagundua sijaandika kitu kuhusu wanyama watakaokamatwa. Nilikuwa nimechoka, nataka kwenda nyumbani. Nikafungua kwenye kompyuta sheria ndogo yetu ya mkaa, ambayo tayari ilishapita kila mahali na hakuna aliyewahi kuilalamikia, nikanakili kifungu cha ukamataji. Kilisema mali itakayokamatwa itahifadhiwa mahali salama chini ya ulinzi wa mtendaji wa kata mpaka shauri litakapoamuliwa, na kwamba mtuhumiwa hataruhusiwa kuigusa wala kuikaribia. Nikaondoa neno mali nikaweka mnyama. Nikasoma mara moja kuona kama inakaa vizuri. Ilikaa vizuri, nikazima kompyuta.

Gunia la mkaa halinywi maji. Hilo ndilo kosa lenyewe, wala si la kutafuta kwa darubini. Rasimu ilipita kwenye kamati, ikabandikwa kwenye mbao za matangazo, ikasomwa kwenye mikutano ya vijiji mbele ya watu waliozaliwa zizini, ikapita barazani, ikaenda wizarani ikarudi na muhuri. Watu wote hao waliisoma au waliisikia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani atakayemnywesha huyo mnyama. Kwa muda mrefu jambo hili nililishika kama kinga yangu.

Sheria ilianza kutumika mwishoni mwa kiangazi, wakati mito yote ni mchanga mtupu. Mtendaji wa kata akawapa mgambo wake maagizo kwamba wiki hiyo lazima apatikane mtu wa mfano. Wenye mikokoteni walipoona sare wakapita njia za panya, wale wale wenye rungu na misumari. Siku ya Jumanne, yule bibi aliona kidonda kwenye bega la punda wake, mahali mkanda unapopita. Alifanya kama alivyofundishwa. Hakumtia oili chafu. Alimfungua mkokoteni, akamwongoza kwa kamba taratibu, kwa miguu yake mibovu, kutoka kijijini kwake mpaka makao makuu ya kata kumtafuta afisa mifugo. Barabarani alikutana na mgambo wawili. Hakukimbia. Aliwaamkia, akawauliza kama bwana mifugo yupo leo. Wao wakatazama bega la punda, wakamnyang'anya kamba.

Mimi nilikuwa Mwanza, kwenye semina. Nilikuwa nimealikwa kuwaeleza wanasheria wa halmashauri nyingine jinsi tulivyofanikisha sheria yetu, na Jumatano, wakati wa chai, mwenzangu akanipigia simu.

"Mwanasheria, wamemkamata punda wa yule bibi."

"Bibi yupi?"

"Yule wa mzee aliyepooza. Alikuwa ananiletea mimi nimtibu. Nimtoe?"

Nilikuwa na sambusa mkononi. Hilo nalikumbuka. Nikamuuliza punda ana kidonda au hana.

"Anacho. Si kikubwa."

"Basi," nikasema. "Kila atakayekamatwa atasema alikuwa anampeleka kutibiwa. Tukimwachia huyu wa kwanza, sheria imekufa, tumechezea mwaka mzima bure. Hicho ni kielelezo. Asiguswe na mtu mpaka hakimu amwone."

"Haya," akajibu.

Ningeweza kumwambia amtoe. Hakuna ambaye angenihoji. Sheria niliiandika mimi na wote walikuwa wakiniuliza mimi maana yake. Nilijua kabisa kwamba bibi yule ndiye mtu pekee katika kata nzima aliyetusikiliza. Lakini nilishaanza kuiona kesi ya kwanza, namba yake, hukumu yake, na mimi nikiieleza mbele ya ukumbi kama ule niliokuwemo. Niliipenda kesi kuliko mtu. Nasema hivi wazi kwa sababu kwa miezi mingi nilikuwa nikisema vingine.

Kesho yake mwenzangu alipelekwa kata nyingine kuchanja mbuzi. Yeye anasema kwamba kwenye ile simu aliniambia pale kwenye ua hakuna maji. Mimi sikumbuki kusikia neno maji. Nimejitahidi kulikumbuka, nimejitahidi pia kuhakikisha kwamba halikusemwa, na vyote viwili vimenishinda. Yeye si mtu wa kusema uongo.

Hakimu alitakiwa aje Alhamisi. Akapata udhuru, shauri likasogezwa wiki moja. Semina iliisha Ijumaa, nikabaki Mwanza mwisho wa wiki kwa dada yangu, nikala samaki, nikanunua vitambaa. Jumatatu saa sita mchana nilifika pale kata, hata nyumbani Bariadi sikupita kwanza, maana nilitaka kumwona punda wetu kabla ya kuandaa kesi.

Ua wa mali zilizokamatwa uko nyuma ya ofisi. Umezungushiwa mabati marefu, ndani hakuna mti wala kipaa. Nje ya mabati, kwenye kivuli chembamba kama mkanda, alikaa yule bibi, miguu ameinyoosha, ndoo ya maji imefunikwa kwa sahani pembeni yake. Sikumtambua mara moja. Nilimsalimu kwa haraka, kama unavyomsalimu yeyote, nikapita. Getini alisimama mgambo. Aliponiona alisimama wima.

"Amekufa, mayu," akasema, kwa ile sauti ndogo. "Leo asubuhi."

Nikaingia. Punda alikuwa amelala kwa ubavu kati ya pikipiki mbili zisizo na matairi na magunia ya mkaa. Mdomo wake wote ulikuwa mweusi. Alikuwa ametafuna mifuko, akatafuna na mkaa wenyewe, vipande vyake vilikuwa bado vimebaki kwenye fizi. Ardhi mbele ya mabati, upande wa chini, aliichimba kwa kwato mpaka ikawa shimo. Kidonda cha begani kilikuwa kidogo sana. Kingefunikwa na kiganja changu. Kilikuwa kimeanza kukauka.

Nilimuuliza mgambo kwa nini hakumpa maji. Akasema aliambiwa alinde. Nikamuuliza kama kulinda maana yake ni kumtazama mnyama akifa. Akanionyesha nakala ya sheria iliyogongelewa kwenye nguzo ya geti, akaweka kidole kwenye kifungu cha kumi na mbili.

"Bibi amekuja kila siku," akasema. "Siku ya kwanza akaomba aingie amnyweshe. Nikamwambia mtuhumiwa haruhusiwi. Siku ya pili akasema basi nichukue ndoo niingize mimi. Nikaogopa. Nikimpa kielelezo kitu cha mtuhumiwa, kikifa si mtasema nimekula njama? Siku ya tatu akamwaga maji chini ya mabati yaingie. Hapo nikamwacha. Lakini pale ardhi inashuka kuja huku nje. Yakarudi."

"Na mtendaji?"

"Alisema ameuliza. Aliambiwa asiguswe na mtu."

Nilimfokea. Nilimwita majina ambayo marehemu mama yangu asingeamini yametoka kinywani mwangu, mpaka watu wakatoka kwenye duka la jirani kuja kutazama. Alisimama tu, mikono ubavuni, jasho likimtoka. Nilimfokea yeye kwa sababu kujifokea mwenyewe barabarani kungenifanya nionekane kichaa. Nilipoishiwa na maneno akaniuliza, kwa heshima, kama sasa anaweza kuacha lindo.

Kisha ikabidi nikamwambie bibi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa amekaa pale tangu alfajiri na hakuna aliyemwambia.

Nilichuchumaa mbele yake, nikamwamkia tena, safari hii vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa mkutano." Alitabasamu kidogo. "Umekuja kumfungulia?"

"Bibi, punda amekufa."

Akakunja miguu yake, mmoja mmoja.

"Lini?"

"Leo asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa hapa," akasema.

Nilisema pole, nikasema tena pole. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ingenisaidia. Yeye aliitazama ile ndoo, akaondoa sahani, akachungulia kama kuona yamebaki kiasi gani. Kisha akaomba nimsaidie kujitwisha, kwa sababu mzee wake hakuwa amekunywa. Nikamtwisha. Akaenda.

Alhamisi hakimu alikuja. Shauri lilikuwa bado lipo, lina namba, na namba ile niliyoiota Mwanza ilikuwa imeandikwa vizuri juu ya jalada. Bibi alisimama kizimbani na kanga safi. Nikainuka kuomba kuliondoa shauri. Hakimu, mtu mwenye kufuata taratibu, akauliza kwanza kielelezo kiko wapi.

"Kimekufa, mheshimiwa."

"Kimekufaje?"

"Kwa kiu, mheshimiwa. Kikiwa chini ya ulinzi wetu."

Aliandika. Alichukua muda mrefu kuandika sentensi fupi hiyo. Kisha akamuuliza bibi kama ana lolote la kusema, na bibi, aliyekuwa hajaelewa kwamba mimi naondoa shauri, akajibu alichokuja kujibu.

"Kidonda kilikuwepo, mheshimiwa. Sikatai."

Najua mtu atauliza kwa nini sikumnunulia punda mwingine. Nilimnunulia. Tulikwenda mnadani na mwenzangu, yeye akachagua, jike changa mwenye mgongo mzima na kwato nzuri, tukampeleka mpaka nyumbani kwa bibi. Mzee wake alikuwa amelazwa nje kwenye mkeka, akatuinulia mkono mmoja. Bibi alimzunguka yule punda, akampapasa shingo, akamshika mguu akautazama, akasema ni punda mzuri sana. Akatushukuru: wabeja, wabeja. Kisha akamrudishia mwenzangu kamba.

"Mrudisheni," akasema.

Nilidhani ni hasira, nikaanza kumbembeleza. Akanikatiza kwa upole.

"Huyu naye ipo siku atapata kidonda, mwanangu. Punda wa maji hakosi kidonda. Sasa nitampeleka wapi?"

Mwenzangu aligeuka akatazama upande mwingine. Jibu la swali lile lilikuwa yeye. Alikuwa amelisema kwa lugha mbili kwenye kila kijiji kwa zaidi ya mwaka mzima. Hakulisema. Tulirudi na punda.

Habari ile ilizunguka kata zote. Haikuhitaji mikutano wala spika. Katika miezi iliyofuata hakuna mtu hata mmoja aliyemleta mnyama mwenye kidonda kwa afisa mifugo. Dawa za kupuliza zilikaa kabatini kwake mpaka zikapitwa na wakati. Watu wakarudi kwenye oili chafu na maji ya betri, tena sasa wanafanya kwa siri, ndani ya boma. Barabarani nikawa naona punda waliofunikwa magunia mabegani, na mwanzoni, mjinga mimi, nilifurahi nikidhani wanatumia yale magunia tuliyowafundisha. Nilimsimamisha mwenye mkokoteni mmoja nimpongeze. Akatelemka akakimbia, akaniachia punda na mzigo. Nililifunua gunia. Chini yake kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa sinia, kina funza. Nikalifunika tena, nikaondoka haraka ili mwenyewe arudi kumchukua mnyama wake. Mimi, Wakili wa Punda, nilifanya hivyo, na hata leo sijui kingine ambacho ningefanya.

Kurekebisha sheria ndogo ni safari ileile ya kuitunga, hakuna njia ya mkato. Nikaandika kifungu cha kumi na mbili upya. Mnyama atatibiwa kwanza. Atanyweshwa na kulishwa kila siku, na anayehusika ametajwa kwa cheo chake. Mwenye mnyama ataruhusiwa kumwona wakati wowote. Anayemleta mnyama kutibiwa hatakamatwa kamwe. Nilikiandika polepole, kila neno nikijiuliza linamaanisha nini kwa mtu mwenye sare na funguo. Kisha nikaenda nacho kwenye mikutano ya hadhara, kijiji kwa kijiji, na kwenye kijiji cha yule bibi nilikwenda mwisho kwa sababu nilikuwa naogopa.

Watu walikuja wachache. Nilisoma kifungu, mwenzangu akatafsiri. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Hapa kwetu," akasema, "ng'ombe wa mtu akiingia shambani kwako akala mtama, unamkamata, unamfunga, unamngoja mwenyewe aje mlipane. Lakini jioni ukipeleka ng'ombe wako majini, na yeye unampeleka. Hata kama mna ugomvi na mwenyewe. Hata kama mmetoana damu."

"Sasa mbona mara ya kwanza hamkuniambia?" nilimuuliza. Nilisikia sauti yangu ikipanda. "Niliwasomea hapahapa. Mbona hamkusema tuandike maji?"

Mzee alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mayu, sisi tulidhani hilo haliandikwi."

Hapo ile kinga yangu niliyoishika muda wote ilinitoka mkononi. Walisikia kwamba mnyama atakuwa salama, nao wakaelewa salama kama wanavyoielewa. Mimi ndiye niliyeleta watu ambao hawafanyi kitu mpaka kimeandikwa, nami mwenyewe nikiwa mmoja wao.

Tulikuwa tunakaribia kufunga mkutano alipopita yule bibi, ndoo kichwani, anatoka mtoni. Alikuwa amekonda. Alitembea akisimama kila hatua chache, mkono mmoja kiunoni, bila kumwaga. Mtendaji wa kijiji akamwita, akamweleza kwa Kisukuma kwamba sheria ya punda inarekebishwa, kwamba sasa watanyweshwa, watatibiwa, hakuna atakayekamatwa akimleta mgonjwa. Na kwamba mwanasheria angependa sana kusikia maoni yake. Sikuwa nimemwomba aseme hivyo. Lakini ilikuwa kweli, nilitaka sana.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kuitua ndoo. Aliniitikia salamu. Akasema ni maneno mazuri, na anatushukuru kwa kuja na jua hili.

"Ila mimi msiniulize," akasema. "Hiyo ni sheria ya wenye punda."

Akaaga, akaendelea na njia yake. Tulimtazama mpaka alipokata kona kwenye uzio wa minyaa. Mtendaji, aliyekuwa akiandika muhtasari, aliinua kalamu akaniuliza aandike kwamba ameunga mkono au amepinga. Mimi nilikuwa bado naitazama ile kona. Alingoja kidogo, kisha akainama akaandika kwamba wananchi wote waliridhia.